Mguu wa Mke Mkubwa

Niliolewa kwa sababu ya mguu. Wanawake wengine huolewa kwa ajili ya sura zao, au kwa sababu mimba imetangulia. Mimi niliolewa kwa sababu mke wa kwanza wa mume wangu alikuwa na mguu wa kulia unaonuka, na mwanamume akachoka kulala nao chumba kimoja. Hakuna aliyenificha. Shangazi yangu aliyeleta posa alisema wazi kwamba naenda kwenye mji wa watu wenye ng'ombe, si mbali na Issuna, na kwamba mke mkubwa hatanisumbua kwa kuwa nusu ya siku hushinda amekaa chini akifukuza nzi.

Alikuwa amezaa watoto saba. Baada ya mtoto wa tatu mishipa ya miguu yake ilianza kutuna, na kufikia wa saba ilikuwa imejisokota chini ya ngozi kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, ya bluu, minene kama kidole changu. Mguu wa kushoto uliishia hapo. Wa kulia ulikuwa na donda ndugu juu ya kifundo, ukubwa wa kiganja, ambalo lilikuwa limekaa miaka sita bila kufunga. Lilikwisha kutiwa majivu, samli na unga wa magome. Mganga mmoja alitolewa upande wa Sekenke, akachanja chale kulizunguka, na chale nazo zikawa madonda.

Sikumwonea huruma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na miguu yangu ilikuwa inapendeza, nami nilijua. Kisimani niliwaigizia wenzangu jinsi anavyotembea, huku nimeziba pua, tukacheka mpaka tukamwaga maji. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi sikufungwa kamba yoyote. Mama yule alinipa chungu chake kizuri, akanionyesha mume wetu anapenda mlenda uwe mzito kiasi gani, akaniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza. Wema wake uliniudhi. Ningekuwa na la kumsema kama angekuwa mchawi.

Aliyevunja mambo ni binti yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa Mandewa, pale mjini. Alikuja siku moja kusalimia, akamkuta mama yake anatoa funza kwenye donda kwa kijiti, akamwambia baba yake maneno ambayo binti hamwambii baba. Wiki iliyofuata tukapanda lori kwenda hospitali ya misheni. Kule mgonjwa alitakiwa aje na mtu wa kumpikia na kumfulia. Binti alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nikaenda mimi. Kulikuwa na sababu nyingine: nilifika darasa la nne, Kiswahili nilikijua. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kusalimia na kuuliza bei. Jambo likiwa zito alirudi kwenye Kinyaturu chetu. Basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake.

Daktari alikuwa mzungu mzee, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kitabu cha sala. Alimsimamisha juu ya kibao, akapiga magoti mbele yake, akaanza kuchora mishipa kwa dawa ya zambarau, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima kiwanja. Alinieleza kwamba ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini, na vilango vya huyu mama vimechoka, havifungi tena, kwa hiyo damu inakaa miguuni na kuozesha ngozi. Angeanza na mguu wa kulia. Angeufunga mshipa mkubwa pale kinenani, kisha auchomoe wote hadi chini. Wa kushoto ungesubiri hadi baada ya mavuno ya mwaka unaofuata. Nikamfasiria yote, neno kwa neno. Siku hiyo sikudanganya chochote. Nilionja tu utamu wa kuona mtu mzima ananitazama midomo.

Walimpasua asubuhi, kwa sindano ya mgongo. Mchana daktari aliniita akanionyesha bakuli. Mle ndani kulikuwa na mshipa wenyewe, mrefu kuliko mkono wangu, umelala kwenye damu yake. Alipenda kufundisha mzee yule, na aliyekuwapo wa kufundishwa nilikuwa mimi. Nilisikia kichefuchefu, maana nilikuwa na mimba changa, na chini ya kichefuchefu nilisikia furaha kwamba ameumizwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nesi alikuja akamwambia ateremke kitandani atembee. Kule kwenye jiko la wauguzaji tulishangaa wote. Kwetu mtu aliyekatwa hulala. Aliyetahiriwa hulala, aliyezaa hulala, anapikiwa uji na anageuzwa kama mtoto. Leo mtu amefungwa nyuzi kinenani na pajani na kwenye muundi, halafu anaambiwa atembee kwenda na kurudi barazani mara kumi. Alitembea. Machozi yalimtoka bila sauti, na nesi alikwenda nyuma yake akisema haya mama, tena, tena.

Siku ya kutoka, daktari alitukalisha. Alimpa bandeji mbili ndefu za kuvutika, za kufunga mguu wa kulia mpaka upone na wa kushoto mpaka upasuliwe, kila asubuhi kabla hajateremka kitandani. Akaandika hayo kwenye kadi, pamoja na kwamba arudi baada ya mavuno. Kisha akanigeukia mimi kwa yale ambayo hayakuandikwa.

"Atembee sana," alisema. "Akitaka kulima, alime. Akitaka kuchota maji, achote. Lakini asisimame mahali pamoja. Kusimama ndiko kunakomuua."

Akaniambia pia kwamba mshipa wa kushoto unaweza kupasuka siku moja, hasa pale kifundoni ngozi ilipokuwa nyembamba. Ukipasuka watu wasitaharuki wala wasifunge kamba. Wamlaze chali, wainue mguu juu, wabane kwa kitambaa, damu itakata. Alinitaka nirudie. Nilirudia yote kama jedwali la kuzidisha, naye akafurahi, akasema sasa mwambie mwenyewe.

Nikamgeukia mke mwenzangu, nikamweleza bandeji na kurudi hospitali, kwa sababu hayo yalikuwa kwenye kadi na binti yake angeyasoma. Halafu nikasema, "Na amesema usifanye kazi nzito."

Aliuliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo tu.

Msinitafutie visingizio, nimekwisha kuvitafuta mwenyewe. Mwanamke anayelima na kuchota maji ni mke. Anayekaa chini na kungoja kuletewa ni bibi wa nyumba, watu wanamsalimia wakipita kwenda kwa mwingine. Nilitaka aendelee kukaa. Sikuwaza zaidi ya hapo, na maneno yale yalitoka laini kama huruma.

Donda lilifunga kwa miezi miwili. Ngozi mpya ilikuja, nyororo, yenye kung'aa, na ile harufu ikatoka nyumbani kwetu kama mgeni aliyeaga. Mume wetu alimwambia aunyooshe mguu nje, mchana kweupe, akauinamia akaukagua kama anavyokagua ndama mnadani. Jioni hiyo alihamisha kigoda chake kwenda kwa mke mkubwa. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minne. Nyumba zetu za tembe ziligawanywa na ukuta mmoja wa udongo, na kupitia ukuta ule nilimsikia mwanamume akicheka kama alivyokuwa hajawahi kucheka kwangu. Nilimchukia mke mwenzangu kwa chuki safi, isiyo na kosa lake hata moja. Nilikuwa nimempikia uji yule mwanamke, nimemfulia vitambaa vya usaha, nimempeleka na kumrudisha akiwa mzima, na malipo yangu yakawa kitanda kitupu.

Kabla ya mvua tulihamishwa na serikali. Magari yalikuja, paa la tembe likabomolewa sisi tukitazama, tukapelekwa kwenye kijiji kipya ambako nyumba zilipangwa mistari. Asubuhi palipigwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kila mwenye mikono alikwenda shamba la kijiji, shamba la uwele ambalo mwisho wake sikuuona. Nilizaa mwezi wa pili. Mke mkubwa ndiye aliyenizalisha, na siku ya tatu alikuja na bandeji ya mguu wake wa kushoto, imefuliwa, imekunjwa, akasema tumbo langu limelegea na kitambaa hiki cha daktari kinashika kuliko kanga. Nilimwuliza naye atafunga nini. Alisema mguu haumwumi. Nikaipokea, akanifunga tumbo mwenyewe, akavuta mpaka nikapata pumzi fupi fupi.

Uwele ulipoanza kujaza punje, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano wa kugawa kazi. Alikuwa mtu mkali lakini si mbaya. Alitaka kila balozi wa nyumba kumi ataje wazee na wagonjwa wake ili wapewe kazi nyepesi. Kwetu kazi nyepesi inajulikana, ni kuamia ndege. Unapanda kwenye ulingo wa miti katikati ya shamba, unapiga kelele, unapiga debe, unarusha mabonge ya udongo kwa kombeo. Huinami, hushiki jembe. Lakini uwele wetu ni mrefu kuliko mtu, na hata juu ya ulingo aliyekaa haoni kitu ila majani. Kwa hiyo unasimama, tangu kabla ya jua kuchomoza ndege wanapoamka hadi linapozama wanapokwenda kulala.

Mume wetu alisimama akasema mke wake mkubwa amepasuliwa. Mwenyekiti akauliza nani alikwenda naye hospitali. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikainuka na mtoto mgongoni.

"Daktari alisemaje?"

"Alisema asifanye kazi nzito," nikajibu.

Watu waliitikia kwa vichwa. Akapewa ulingo pale pale. Labda ningesema kweli wangenicheka: mtu mgonjwa alime lakini asisimame, daktari gani huyo? Sikuwapa nafasi ya kucheka. Nilikwisha kupiga hesabu yangu, kwamba mwenye ulingo hutoka nyumbani wa kwanza na kurudi wa mwisho, na kwamba mume mwenye njaa ya jioni hula palipo na moshi.

Hesabu ilikuwa sahihi. Kigoda kilirudi kwangu. Na yeye alinishukuru. Kisimani, mbele ya wanawake wote, alisema kama si mdogo wangu huyu ningekuwa nalima na nyuzi zangu, Mungu ambariki. Wenzangu wakanisifu. Nikainama kujaza ndoo yangu.

Wiki ya tatu mguu wa kushoto ulianza kuvimba. Jioni aliniita akaubonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa nyeusi, nyembamba, na katikati yake palikuwa na kilengelenge cha bluu kama punje ya maharage. Aliniuliza mbona umekuwa hivi, wakati hafanyi kazi yoyote. Nilisema ni uchovu wa kuzoea. Nilikitazama kile kilengelenge vizuri, halafu nikaingia ndani kukoroga ugali.

Siku yenyewe tulikuwa wanawake wengi tunapalilia karanga kando ya uwele, jua limeshapanda. Debe likanyamaza. Mara ndege wakashuka, kundi zima, kama mtu aliyetandaza shuka juu ya shamba. Mwenyekiti alikasirika, akasema amelala huyo, nendeni mkamwamshe. Tukaenda watatu. Njiani mmoja alitania kwamba mwenzenu anaota mume wake, na mimi nikacheka.

Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama, amekumbatia nguzo ya ulingo kwa mikono miwili, anatazama mguu wake kwa mshangao. Damu ilikuwa inaruka kutoka kifundoni, mstari mwembamba, kama maziwa yanavyotoka kwenye chuchu ya ng'ombe. Ilikuwa imetapakaa kwenye miti ya ulingo na kuteremka ngazi kipago kwa kipago. Hakusikia maumivu yoyote. Alituambia alihisi joto mguuni akadhani amejikojolea, akaona haya kuita mtu. Kwa hiyo aliendelea kusimama na kupiga debe mpaka mikono ikaishiwa nguvu.

Wenzangu walimteremsha wakamkalisha, mgongo kwenye nguzo. Kwetu anayetokwa damu hukalishwa. Kumlaza ni kama kumruhusu afe. Mmoja alichana kanga akamfunga juu ya goti, akakaza kwa meno. Damu ikazidi. Yule wa pili alikuwa anamshikilia kichwa kisianguke na kumwita jina la mwanawe wa kwanza. Mimi nilisimama na mtoto mgongoni. Nilijua la kufanya kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na nilijua pia kwamba nikilifanya nitaulizwa nimelijulia wapi. Nilinyamaza kwa kadiri ya mtu kusali Baba Yetu yote. Sikusali. Nilikuwa natazama midomo yake ikigeuka rangi ya majivu.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ndege wamekula sana. Sijui kwa nini ni hilo lililonisukuma. Nikawasukuma wenzangu, nikaifungua ile kanga, nikamlaza chali kwenye udongo, nikaunyanyua mguu nikauweka begani kwangu na kubana kwa nguo yangu. Damu ikakata. Ikakata pale pale, kirahisi hivyo. Wenzangu walitazama wasiamini. Mmoja akakimbia kutafuta trekta. Mwingine akapanda ulingo, kwa kuwa ndege bado walikuwa wanakula, akaanza kupiga debe juu ya vichwa vyetu.

Tukabaki wawili. Kisigino chake kilikuwa karibu na sikio langu. Alinitazama kutoka chini muda mrefu.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Daktari."

"Alisema nini kingine?"

Nikamwambia. Nilianza na kutembea, nikaja kwenye kulima, na kuchota maji, na kusimama, yote kwa mpangilio wake, huku debe likipigwa juu yetu na yule mwanamke wa juu asisikie kitu. Nilimwambia hata kwamba nilitaka akae. Sikuweza kugeuza uso, maana mguu ulikuwa begani, na sikuweza kuondoka, maana ningeuachia damu ingerudi. Nilipofika kwenye kusimama alifumba macho. Alipoyafumbua nilingoja anitemee mate.

"Usiuachie," alisema.

Sikuuachia mpaka trekta likaja.

Aliishi. Walimpeleka na tela, mguu juu ya gunia la pumba, na safari hii aliyekwenda naye hospitali ni binti yake. Mguu wa kushoto ulipasuliwa kama wa kulia, na baada ya wiki chache alirudi kijijini anatembea kuliko sisi wote. Daktari yule alifanya kazi yake mara mbili na mara zote mbili ilikuwa nzuri. Ubaya ulikuwa wetu, na sehemu kubwa ilikuwa yangu.

Nilingoja amwambie mume wetu. Angenirudisha kwetu siku hiyo hiyo, na mtoto angebaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Kila jioni nilipoona wanazungumza nilimkumbatia mwanangu nikangoja kuitwa. Sikuitwa. Aliniitikia shikamoo yangu kila asubuhi, marahaba mdogo wangu, sauti ile ile.

Msimu uliofuata mwenyekiti aliitisha tena mkutano wa kugawa kazi. Mke mkubwa akainuka mwenyewe. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alisema daktari amemwagiza alime na atembee, na kwamba ulingo apewe mdogo wake, kwa kuwa ana mtoto mdogo na kazi nyepesi itamfaa. Watu walimcheka kwa lile la kwanza, kwa la pili wakamsifu kwa upendo wake. Nikapanda ulingo. Nilipanda msimu ule na mwingine na mwingine. Kutoka kule juu nilimwona akija na jembe, akilima na wenzake, na jua likiwa bado juu akienda nyumbani kuwasha moto.

Msimu wa nne nilikuwa nimezaa wa pili, na nyuma ya goti langu nikaona mstari wa bluu umetuna. Siku hiyo nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta uwele mlangoni. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini miaka yote ile hakumwambia mume wetu.

Alitazama miguu yangu kwanza, kisha uso.

"Ningemwambia angekurudisha kwenu," alisema. "Sasa kule juu angesimama nani?"

Akapuliza makapi, akaendelea kupepeta.